Namba ya Nne ya Kona Yako

Dorcas,

Kabla hujaingia chumbani kwako, kaa hapa sebuleni usome. Nakujua: ungeingia moja kwa moja kujitazama nywele kwenye kioo, ungeliona lile umbo lako juu ya kitanda, limefumuka kama fagio lililokatika kamba, na ungepiga kelele kabla sijafungua mdomo. Ni mimi niliyelifumua. Asubuhi tulikubaliana kwamba nitalifungua taratibu na kupanga njiti kwenye lile boksi refu, ili kesho wakukubalie kuingia nalo kwenye ndege. Lakini sikuishia kufungua. Kuna kitu nimekiona, na tangu nikione nimeshindwa kutulia.

Umbo lako lina kosa.

Basi, nimeshaandika. Nilidhani neno hilo lingenichukua mchana kutwa, kumbe limetoka mara moja, na sasa kilichobaki ni kukueleza. Umekwenda Mangobo kusukwa nywele na kuaga wenzako wa kwaya, na uliniambia utarudi kabla ya giza. Mvua imeanza, kwa hiyo labda utachelewa kidogo. Kila pikipiki inayopunguza mwendo hapa nje inanifanya niinue kalamu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kuficha simu ukiwa barabarani Kinshasa. Hizo mdogo wangu, tonton Bosco, ameshakuimbia wiki nzima, na najua hata sikio moja hukumpa. Nataka kukueleza kosa liko wapi na limetoka kwa nani. Mengi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme kwa njia yangu, maana nisipofundisha kitu huwa sijui kama nimekielewa. Ni ugonjwa wa walimu.

Boksi lina urefu, upana na kimo. Umbo lako lina hivyo vitatu na kimoja zaidi, ambacho hakuna mtu hapa Kisangani wala pengine anayeweza kukuonyesha kwa kidole. Ukiweka kikapu juani, kinaangusha ukutani kivuli bapa. Umbo la vipimo vinne nalo lina kivuli, ila kivuli chake si bapa. Ni kitu unachoweza kukijenga na kukishika mikononi. Miaka yote hiyo tulipokuwa tunajenga pale sakafuni, tulikuwa tunajenga vivuli. Kila kona ina namba nne: tatu za kwanza zinakuambia uiweke wapi hapa duniani kwetu, na ya nne haijengeki. Inabaki kwenye hesabu tu.

Na wewe hukupenda yale maumbo ya kistaarabu yaliyovimba vizuri kama mpira. Ulipenda yale ya nyota, ambayo kuta zake zinapenyana na chumba kimoja kinapita katikati ya kingine bila hata kubisha hodi. Ukiyatazama unaona fujo. Lakini fujo hiyo ina sheria kali kuliko za sista wetu mkuu wa shule. Kila ukuta ni wa vyumba viwili, si kimoja, si vitatu. Na kila kona inafanana na kona nyingine zote, kiasi kwamba ungefumbwa macho ukawekwa kwenye kona mojawapo, usingeweza kusema ni ipi. Watu wa nchi nyingi wameyatafuta. Yaliyopatikana yamepita elfu, na hakuna mtu aliyethibitisha kwamba yamekwisha. Hilo ndilo lililokushika. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukaniletea simu jikoni moshi ukiwa umenijaa machoni, ukaniambia, «Mama, iko zingine hapana mutu amesha ona.» Nikakujibu kwamba mimi pia kuna kitu sijakiona, fagio langu, na nani amelichomoa njiti?

Njiti zile za mchikichi ndizo zilizojenga umbo lako la kwanza. Lilianguka. Ulilijenga tena, likaanguka tena, ukalia kwa hasira, maana hasira umerithi kwangu. Hapo ndipo nilipoleta uzi wa nyavu, nikakaa nawe sakafuni, nikakufundisha kufunga.

Unajua nilikojifunzia. Nilizaliwa kule kwenye maporomoko, na koko wako, baba yangu, alikuwa akisimika miti mirefu katikati ya maji yale yanayonguruma, akaiunganisha kwa miti mingine ya kulala, halafu akatundika mitego yake mikubwa kama nyumba. Mimi nilikuwa nashika kamba za msituni na kumpelekea. Siku moja kijana wa jirani alikanyaga mahali ambapo miti miwili ilipita mmoja juu ya mwenzake bila kufungwa, kwa sababu aliyejenga aliona imebana vizuri. Mti uliteleza, naye akaenda na maji. Tulimkuta chini kabisa ya maporomoko, amekumbatia jiwe, mkono umevunjika, hawezi hata kulia. Koko wako alirudi kwenye miti yake akapitisha kiganja kwenye kila mahali penye makutano. Kisha akanigeukia. Alisema, «Miti mbili ikikutana, unafunga. Usiulize kitu.»

Sikuuliza kitu. Nimekwenda shule, nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na kwa mambo ya kamba bado ni mtoto wa koko wako. Kwa hiyo nilikufundisha vilevile: njiti mbili zikigusana, funga. Umbo likasimama. Tonton Bosco alilikalia kwa bahati mbaya siku ya Noeli na halikuvunjika, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Kuanzia hapo kila umbo ulilojenga ulilifunga kila mahali penye makutano, na mimi nikawa naisifu mikono yako.

Lakini mto una vipimo vitatu, Dorcas. Miti miwili ikigusana mtoni imegusana kweli. Kwenye kivuli, njiti mbili zinaweza kugusana mikononi mwako, na kule kwenye umbo lenyewe zikawa mbali kabisa, moja imepita huku na nyingine kule. Mafundo yetu hayakujua hilo. Tulifunga kona za kweli na tukafunga njiti zilizokuwa zinapishana tu, kwa uzi uleule, na baada ya miezi, mafundo yote yanafanana. Nani angekumbuka fundo lipi ni la kona na lipi ni la kuzuia umbo lisianguke?

Pikipiki imesimama. Si wewe, ni mama Chantal wa jirani, amelowa chapachapa na anamgombeza dereva.

Nikwambie nilivyoona. Nilikuwa nakata mafundo kwa mkasi, na kabla ya kuchomoa njiti nilikuwa nabandika kipande cha skochi kwenye kila ncha na kuandika namba zake nne, ili ukifika ulijenge upya bila kubahatisha. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, hata nilikuwa naimba. Nikafika kwenye fundo moja la zile kona mpya, zile ambazo ndizo zinafanya umbo lako liwe jipya, lisilowahi kugunduliwa na mtu mwingine. Njiti nne zinafika pale. Nikafuata njiti ya kwanza kutoka mwanzo wake, nikapiga hesabu, nikapata namba zako nne sawasawa. Kisha, kwa tabia tu, nikafuata njiti ya pili inayotoka upande mwingine. Namba tatu zilikubali. Ya nne ikakataa.

Nilidhani nimekosea. Nikaiandika upya, kwa mkono, kisha kwa mashine ya kuhesabia, kisha kwa mkono tena. Nikahamia fundo lingine la aina ileile, kisha lingine. Sheria yako nzuri ya kona zote kufanana ndiyo iliyonimaliza, maana ikikataa moja zimekataa zote. Wewe ulikokotoa namba ya nne kwa kufuata njiti moja, ukaandika, ukaendelea, kwa sababu macho yako yaliona fundo na ukaamini kwamba palipofungwa pamekutana. Lakini hazikutani. Kuta ulizosema zinafunga vyumba hazifungi. Nilikaa pale kitandani kwako nikatamani sana niwe mimi ndiye mjinga.

Halafu nikaanza kuogopa, na woga huu ndio ninaokuandikia.

Ijumaa utasimama mbele ya yule profesa wa Kinshasa na watu wake uonyeshe umbo hili. Nilisoma ujumbe wake kama ulivyousoma wewe. Alisema umbo lako ndilo lililomfanya akutafutie nafasi ya kusoma kule. Sijui kama nafasi hiyo itabaki akijua. Sitakudanganya kwamba itabaki. Na juzi, ulipokuwa unamsaidia tonton kubeba kuni, nilikusikia kutoka dirishani. Alikuuliza kwa utani kama wale wa Kinshasa wanajua kweli unakwenda kufanya nini, nawe ukamjibu bila utani, «Tonton, kama si hii, mi naenda kule kufanya nini? Afadhali nibaki.» Nilisimama na sufuria mkononi. Nikaendelea kupika, maana nilidhani maneno hayo hutayahitaji kamwe.

Tonton yako amefika katikati ya mvua na samaki wa kukuaga. Nimemweleza yote. Hesabu hazijui, lakini neno «haikutani» amelielewa mara moja, na uso wake ukabadilika, maana yeye bado anapanda ile miti ya mtoni. Kisha akaniita yaya, dada yake mkubwa, kama anavyoniita akitaka kunituliza, na akasema, «Yaya, tia njiti mu carton, funga na scotch, mutoto aende. Kule wakiona, watakuwa wamesha mupokea.»

Nimemwambia watamcheka mtoto. Akasema kicheko hakiui mtu. Nikamwambia haiwezekani nijue kitu kama hicho na nimsindikize mwanangu hadi uwanja wa ndege nikipunga mkono. Hapo akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linaniuma.

«Na akibaki? Utafanya nini akibaki?»

Amekwenda jikoni kupara samaki, na nasikia anavyoparuza kwa nguvu. Amenikasirikia. Ukimkuta amenuna, sababu si wewe.

Nitakwambia kitu ambacho sikumwambia yeye. Kwa muda wa kama kupika chai, nilikubaliana naye. Nilishika uzi nikaanza kulifunga tena lile fundo nililokuwa nimelikata. Nilikuwa nawaza: hakuna aliyeona, mtoto atapanda ndege akicheka, na kosa likijulikana litajulikana mbali na macho yangu. Ona vizuri hapo, mbali na macho yangu. Nilikuwa nataka kukulinda, na pia nilikuwa nataka nisiwepo. Nimeona aibu nikaacha uzi.

Kilichonirudisha ni ile siku darasani. Najua unaikumbuka ingawa hatujawahi kuizungumza, na tuliipita kimya kama watu wanavyopita nyumba yenye msiba wasioujua. Nilikuwa nakufundisha mwaka ule, nawe ulikuwa unaniita madame mbele ya wenzako kama nilivyokuagiza. Niliandika hesabu ndefu ubaoni na nikapoteza alama ya kutoa. Ukanyoosha mkono. Ukasema kwa adabu kabisa, «Madame, pale iko moins.» Darasa likacheka, si kwa sababu yako, kwa sababu yangu. Na mimi, mtu mzima, mama yako, nikakuambia utoke nje.

Ulisimama kwenye ukuta, juani, mpaka kengele. Jioni nilipika, tukala, nikakuuliza kama umefua sare. Nilijiambia kwamba mtoto atasahau. Lakini tangu siku ile, Dorcas, hujawahi kunionyesha kitu kabla hakijakamilika. Kabla ya hapo ulikuwa unakuja na karatasi zimejaa uchafu na maswali, unanikalia kwenye mapaja huku nakatakata majani ya muhogo ya pondu. Baada ya hapo ulikuwa unaleta majibu tu, yameandikwa vizuri, yamepigiwa mstari chini. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba mwanangu ni makini. Hukuwa makini. Ulikuwa umejifunza kwangu kwamba mtu akikosea anatolewa nje.

Umbo hili nalo ulilificha. Miezi yote ile ulijenga mlango umefungwa, na uliponiita limeshasimama, limekwisha, limefungwa kila mahali. Ungenionyesha likiwa nusu, pengine tungekaa sakafuni kama zamani, tungebishana juu ya fundo lile, na kosa lingetoka siku hiyohiyo bila mtu kuumia. Sikulaumu kwa hilo. Mlango huo niliufunga mimi, kwa mkono wangu wenye chaki.

Na ulipoufungua nikafanya kosa la pili. Ulinipa hesabu zako nikuangalizie. Niliangalia kona tatu, na zote nilifuata njiti ileile uliyoifuata wewe, kwa sababu sikuwa naangalia, nilikuwa natafuta ruhusa ya kufurahi. Siku hiyohiyo nilimwambia padri, nikamwambia mkuu wa shule, nikamwambia hata muuza mkate ambaye alidhani nazungumzia kikapu. Nikampigia papa yako kule machimboni Bafwasende, ambako mtandao unapatikana kama dhahabu yao, yaani mara moja moja na kwa makelele. Alinielewa nusu. Akasema, «Bon, mutoto amefanya kitu ya kimo, ni vizuri.» Wewe ndiye uliyetaka kungoja. Ulisema, mama, tuangalie tena. Mimi nikakuambia yule profesa hatangoja, mwandikie leo. Nilikuharakisha nikakutia mbele za watu na kitu ambacho sikukiangalia, kwa sababu nilitaka sana kuwa mama wa msichana aliyekigundua.

Kwa unavyonijua, unategemea sasa niseme kwamba mimi na papa yako pia ni njiti mbili zilizofungwa mahali ambapo hazikutani. Sitasema. Ungecheka, na jambo lenyewe ni refu zaidi ya hapo.

Mvua imepungua. Umeme bado haujarudi, na mwanga wa dirishani unanitosha kwa ukurasa huu.

Nisamehe kwa ile siku ya ukuta. Nilipaswa kuyasema haya zamani, tukiwa wawili, mchana, bila safari nyuma yake. Miaka kadhaa baadaye mvulana mmoja wa darasa la mwisho alinionyesha kosa ubaoni, na mkono ukataka kuonyesha mlango vilevile. Sijui nini kilinizuia. Nilimwambia, asante, njoo urekebishe. Akaja, akarekebisha, tukaendelea na somo. Hakuna kilichoanguka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya ajabu, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba siku yako nayo ingeweza kuwa rahisi hivyo.

Kwa hiyo ninaogopa vitu viwili, na ni haki yako kuvijua vyote. Naogopa wakutoe nje kule, kwa maneno ya Kifaransa laini, na mimi nisiwepo. Na naogopa zaidi ujitoe mwenyewe kabla hawajasema neno, usome barua hii, uvue viatu vya safari na kuniambia kwa sauti yako ile ya upole kwamba umebadili mawazo, kwamba Kinshasa ni joto, kwamba utafundisha hapa karibu na mimi. Ukisema hivyo nitafurahi kwa dakika moja, najijua. Kisha nitakaa nawe nyumba hii nikijua kwamba ni mimi niliyekubakisha.

Sikuambii uende. Nilishawahi kukuambia mwandikie leo, na unaona tulikofika. Nakwambia tu kwamba yule mtu anatafuta maumbo haya tangu kabla hujazaliwa, na haiwezekani awe hajawahi kukata fundo lake mwenyewe. Ukimwandikia usiku huu, kabla ya ndege, na kumweleza kosa kwa mkono wako, sijui atasema nini. Akikataa, atakuwa amekataa mtu aliyejua. Mimi nilipokutoa nje nilimtoa mtu aliyejua, na mwenye aibu ya siku ile hakuwa wewe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu ni pikipiki yako hii. Nakusikia ukibishana na dereva, unamwambia mvua si sababu ya kuongeza bei, na umeshinda, nasikia anavyocheka.

Fundo moja sikulikata. Liko katikati ya kitanda na njiti zake nne zote, kama ulivyolifunga wewe, na mkasi uko pembeni. Usiniamini mimi. Nimeshakosea ubaoni. Fuata njiti ya kwanza, upate namba yako, halafu fuata ya pili, uone kama namba ya nne inakataa na kwako pia. Ikikubali, nitapiga magoti mbele ya tonton na mama Chantal na kukuomba radhi. Ikikataa, kata fundo mwenyewe. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo. Sijalipima, ingawa mkono ulikuwa unaniwasha. Huenda si kitu. Huenda lina urefu ambao utakufanya ukae chini tena na njiti nyingine. Hilo nimekuachia, kwa sababu ni lako, na kwa sababu nimeona nikiwa na haraka huwa nafanya nini.

Tiketi iko juu ya meza, chini ya kikombe. Nilikuwa nimeiweka kwenye pochi yangu ili isipotee, au ili niwe na mamlaka nayo, Mungu ndiye anayejua. Nimeitoa. Sitaificha na sitakusukumia.

Barua hii nakupa mkononi ukifika mlangoni, halafu sitakaa kukutazama ukiisoma. Siku ile nilikutoa nje wewe. Leo natoka mimi. Nitakuwa pale barazani, kwenye kile kiti kinachoyumba, na mlango sitaufunga. Chukua muda wote unaoutaka. Ukimaliza na fundo, niite, hata kama ni kunigombeza. Njoo na karatasi zako zikiwa chafu, njiti zikiwa mikononi, jibu likiwa halijapatikana. Nitahamisha bakuli la pondu nikupishe.

Mama yako